Jinsi ya Kuandaa Singo ya Kwanza ya Bendi ya Pawa Pop: Mwongozo Kamili Kutoka Chumba cha Mazoezi Hadi Redioni

Mwezi Juni 1978, vijana watano kutoka mji wa Derry, Ireland ya Kaskazini, waliingia studio ya Wizard mjini Belfast wakiwa na bajeti ya takriban pauni 200 na nyimbo nne. Bendi yao iliitwa The Undertones, na ilikuwa imejijengea jina katika ukumbi mdogo wa Casbah mjini kwao. Santuri ile ilitolewa na Good Vibrations, lebo changa ya Terri Hooley, mwenye duka la santuri mjini Belfast. Wimbo uliobeba jina la santuri, "Teenage Kicks", ulikuwa na urefu wa dakika 2 na sekunde 28. Septemba ya mwaka huohuo mtangazaji John Peel wa BBC Radio 1 aliupiga hewani, na ulipokwisha akaurudisha mwanzo akaupiga tena palepale. Haukupita muda, lebo ya Sire ikawapa mkataba, na santuri ilipotolewa upya ilifika nafasi ya 31 katika chati ya Uingereza.

Ninaanza na kisa hicho kwa sababu karibu kila hatua ya mwongozo huu imo ndani yake. Wimbo uliandikwa na mpiga gitaa John O'Neill mwaka uliotangulia, ukapigwa mbele ya watu hadi kila mmoja akajua mahali pake, na studio ikabaki na kazi moja tu ya kuudaka ulivyo. Bendi nyingi ambazo nimefanya nazo kazi hufanya kinyume cha hayo. Huingia studio kuutafuta wimbo huku saa zinahesabiwa na fedha zinakwisha, na wimbo unaopatikana kwa njia hiyo husikika umechoka kabla msikilizaji hajaufikia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ninayoieleza hapa hufanyika kabla ya kipaza sauti cha kwanza kuwashwa.

Tukubaliane pia juu ya muziki wenyewe. Jina la pawa pop lilitumiwa na Pete Townshend wa The Who mwaka 1967, alipokuwa akieleza aina ya muziki ambao bendi yake ilikuwa ikiupiga. Kiini chake ni melodi tamu ya kuimbika na watu wote, iliyobebwa na magitaa yenye nguvu na dramu zisizobembeleza. Badfinger wa Uingereza, Raspberries wa Cleveland na Big Star wa Memphis waliijenga mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha wakaja Cheap Trick, The Cars na The Knack. Utamu ukizidi nguvu, wimbo unakuwa laini kupita kiasi, na nguvu ikizidi utamu unakuwa roki ya kawaida. Singo ya kwanza, yaani wimbo wa kwanza ambao bendi inautoa peke yake, inapaswa kumwonyesha msikilizaji vyote viwili ndani ya nusu dakika.

Hatua ya kwanza: chagua wimbo mmoja

Bendi yenye nyimbo kumi nzuri haina singo mpaka imeacha tisa. Keti na wenzako, pigeni kila wimbo kwa gitaa moja lisilo la umeme na sauti moja, mbele ya watu watatu au wanne ambao hawajawahi kuusikia. Msiwaulize kama wameupenda, kwa sababu watasema wameupenda. Subirini hadi kesho yake, kisha waombeni wawaimbieni chochote wanachokikumbuka. Wimbo ambao kiitikio chake kimebaki vichwani mwao baada ya usiku mmoja ndio singo yenu, hata kama mtunzi wake anaona ana wimbo mwingine ulio bora zaidi.

Vipimo vingine ni vya saa. Kiitikio kifike ndani ya sekunde 45 za mwanzo, na wimbo mzima uwe kati ya dakika mbili na nusu na tatu na nusu. Jina la wimbo likae ndani ya kiitikio, mahali ambapo melodi iko juu kabisa au inapotua, ili anayeusikia redioni mara moja ajue la kuuliza.

Kama mnaimba kwa Kiswahili, na ninawasihi mjaribu, lipo jambo linalowakwaza watunzi wengi waliojifunza pawa pop kutoka nyimbo za Kiingereza. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, kwa hiyo mstari unaweza kumalizika kwa pigo zito. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na ukilazimisha silabi ya mwisho iangukie pigo la kwanza la hatua ya muziki (kundi moja la mapigo, kwa kawaida manne), neno linapinda na msikilizaji anahisi kuna kitu kibovu bila kujua ni nini. Chukua neno "nakungoja". Silabi "ngo" ndiyo inayostahili kuangukia pigo zito pamoja na dramu ya mguu, na "ja" iachwe idondoke nyuma yake wakati akodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inaendelea kulia. Ukiliandika hivyo, neno linajiimba lenyewe. Zingatia pia irabu ya noti ndefu. Noti ya juu inayovutwa kwa mapigo manne inataka mdomo uliofunguka, kwa hiyo "nyota" au "pamoja" itaruka vizuri, ilhali "usiku" itaubana mdomo wa mwimbaji palepale anapohitaji nafasi. Nimewahi kutumia siku tatu kutafuta neno moja linaloishia na "a", na sikuzijutia siku hizo.

Hatua ya pili: pangeni wimbo hadi usiwe na kipande cha kuondolewa

Utangulizi usizidi hatua nne za muziki. "Teenage Kicks" huanza kwa mapigo machache ya dramu, kisha gitaa linaingia na wimbo umeshakwenda. "Just What I Needed", singo ya kwanza ya The Cars ya mwaka 1978, huanza na gitaa linalobanwa kwa kiganja na kupigwa kwa mapigo mafupi yanayolingana, na msikilizaji anaingizwa katika wimbo bila kucheleweshwa. Baada ya utangulizi weka ubeti, kiitikio, ubeti mfupi kuliko wa kwanza, kiitikio, kisha daraja, yaani kipande cha kati, la hatua nane lenye akodi ambazo hazijasikika bado, na kiitikio cha mwisho kinachorudiwa. Mpangilio huo ni wa zamani na hauna aibu yoyote, kwa kuwa upya wa wimbo utokane na melodi na maneno.

Waliokulia kwenye kwaya wanaijua solfa, na solfa inatosha kabisa kwa kazi hii. Mzunguko wa akodi unaoanza kwenye do, ukaenda la, fa na so, umebeba nyimbo zisizohesabika, na bado unaweza kubeba wa kwenu. Kinachoupa ladha ni akodi moja isiyotarajiwa. Jaribu kuifanya akodi ya fa kuwa ya huzuni kwa hatua moja tu kabla ya kurudi do, na utasikia jinsi moyo unavyoshuka kidogo kisha ukainuliwa. Tumia hila hiyo mara moja ndani ya wimbo, kwa kawaida mwishoni mwa daraja, kwa sababu ikirudiwa inapoteza nguvu.

Magitaa mawili yasipige kitu kimoja mahali pamoja. Kama wimbo uko katika D, gitaa la kwanza lipige akodi za kawaida za D chini ya shingo, na gitaa la pili lifungwe kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye freti ya saba na kupiga maumbo ya G. Sauti itakuwa ileile ya D, lakini nyuzi zitalia juu zaidi, na kwa pamoja magitaa hayo mawili yatatoa mng'ao unaokaribia gitaa la nyuzi 12, ambalo bendi nyingi za aina hii zililipenda lakini ni ghali na ni gumu kulitunza. Wapiga magitaa wa Afrika Mashariki wana mtaji mkubwa hapa, kwa kuwa muziki wa dansi umewafundisha tangu zamani kwamba solo, rithimu na besi kila moja ina njia yake na haiikanyagi nyingine.

Mtaji huo unakuja na mazoea ya kuyaacha. Wimbo wa dansi ulipenda kunyooka, na kwenye santuri za mizunguko 45 mara nyingi uligawanywa, sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa nyuma, ili magitaa yapate nafasi ya kuchemka. Pawa pop haina sehemu ya pili. Solo ya gitaa ipewe hatua nane, au kumi na sita ikizidi sana, na ianze kwa melodi ya kiitikio kabla ya kuongeza maneno yake. Ninajua jinsi inavyouma kumwambia mpiga solo hodari apunguze, na katika muziki huu lazima aambiwe.

Hatua ya tatu: mazoezi na demo ya simu

Pigeni wimbo kwa kasi tatu tofauti na kuirekodi kila moja. Nyimbo nyingi za aina hii hukaa vizuri kati ya mapigo 125 na 160 kwa dakika, lakini namba hiyo haina maana mpaka mwimbaji aweze kutamka kila neno bila kukimbizwa. Mkishachagua kasi, iandikeni ukutani, kwa sababu siku ya kurekodi damu itachemka na kila mtu atataka kwenda mbio.

Wekeni simu katikati ya chumba, kwa urefu wa kichwa cha mtu aliyesimama, na mrekodi wimbo mzima mwishoni mwa kila zoezi. Simu haifichi makosa. Kama maneno hayasikiki katika rekodi hiyo, shida haitatatuliwa na miksi (kazi ya kusawazisha sauti zote baada ya kurekodi), kwa kuwa magitaa yenu yanapiga sana wakati wa kuimba. Kisha mfanye zoezi ambalo wengi hulidharau: pigeni wimbo mzima bila kuimba, halafu imbeni wimbo mzima bila vyombo, sauti zote pamoja. Katika zoezi la kwanza mtagundua nani anamtegemea mwimbaji kujua mahali walipo. Katika la pili mtagundua sauti ya pili ambayo imekuwa ikiimba noti isiyo sahihi kwa miezi kadhaa.

Demo nzuri, yaani rekodi hiyo ya majaribio, ina thamani yake yenyewe. The Cars walipigwa kwenye redio ya WBCN mjini Boston kwa kanda ya demo kabla hawajawa na mkataba wa kurekodi, na maombi ya wasikilizaji ndiyo yaliyozishtua kampuni. Kwa hiyo itunzeni demo yenu, ipeni jina na tarehe, na msimpe mtu nakala ambayo hamko tayari isikiwe. Wiki ya mwisho kabla ya studio, fungeni mlango wa mabadiliko. Wazo jipya litakalokuja siku hizo liandikwe daftarini kwa ajili ya wimbo unaofuata.

Hatua ya nne: andikeni nani anamiliki nini

Hili lifanyike kabla ya studio, mkiwa bado marafiki na wimbo ukiwa bado hauna thamani ya fedha. Chukueni karatasi moja, muandike jina la wimbo, nani alitunga melodi, nani alitunga maneno, asilimia ya kila mmoja, na nani anamiliki rekodi yenyewe, kwa kuwa utunzi na rekodi ni haki mbili tofauti. Kila mmoja aweke saini na abaki na nakala. Kama prodyuza amechangia melodi au maneno, aingizwe humo. Kama amelipwa kwa kazi yake ya studio tu, hilo nalo liandikwe.

Umuhimu wake unaonekana katika kisa cha The Nerves, bendi ya watu watatu ya Marekani iliyotoa yenyewe santuri ya nyimbo nne mwaka 1976. Santuri ile haikuwapa utajiri, na bendi haikudumu. Lakini wimbo mmoja uliomo, "Hanging on the Telephone", ulioandikwa na Jack Lee, ulirekodiwa upya na Blondie mwaka 1978 na kufika nafasi ya 5 nchini Uingereza. Katika hali kama hiyo mtunzi ndiye anayelipwa haki ya utunzi, na bendi isiyokuwa imeandika nani ni mtunzi huishia kwenye ugomvi.

Kwa walioko Tanzania, kazi husajiliwa kwenye Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 1999, na kwa walioko Kenya ni Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Haki huzaliwa wimbo unapowekwa katika umbo linaloshikika, lakini cheti hurahisisha sana kazi ya kuthibitisha siku mtu atakapobisha.

Hatua ya tano: kurekodi

Badilisheni nyuzi za magitaa siku moja kabla, ili zipate kujivuta na kutulia. Nyuzi za besi zinaweza kubaki za zamani, na mara nyingi husikika vizuri zaidi zikiwa hivyo. Mpiga dramu afike saa moja kabla ya wengine na kupewa nafasi ya kukaza ngozi zake, kwa maana dramu zisizokazwa vizuri haziokolewi na mashine yoyote.

Studio nyingi za kawaida zina njia nne tu za kuingizia sauti kwa wakati mmoja, na watu huambiwa kwamba hazitoshi kurekodi dramu za kweli. Zinatosha kabisa. Fundi wa Kiingereza Glyn Johns, aliyefanya kazi na The Who, alijulikana kwa mtindo unaotumia vipaza sauti vichache, na ndio ninaoutumia hadi leo. Kipaza sauti kimoja kiwekwe mbele ya dramu ya mguu, cha pili karibu na sneya (dramu ndogo yenye mlio mkali). Cha tatu kining'inizwe juu ya sneya, kama mita moja hivi kutoka kwenye ngozi yake. Cha nne kiwekwe upande wa kulia wa mpigaji, juu kidogo ya tomu la chini (dramu kubwa inayosimama sakafuni), kikiielekea sneya. Kisha chukua kamba. Mtu mmoja ashike ncha moja katikati ya ngozi ya sneya, wewe uivute hadi kwenye kipaza sauti cha juu, ubane kwa vidole mahali ilipofikia, halafu uizungushe hadi kwenye kile cha pembeni bila kuiachia. Ikipungua au kuzidi hata kwa upana wa vidole viwili, sogeza kipaza sauti cha pembeni mpaka kamba iguse. Umbali ukilingana, mlio wa sneya utavifikia vyote viwili kwa wakati mmoja, nao utasimama katikati ya miksi ukiwa mnene na wazi. Nimemwona mpiga dramu aliyeingia amekunja uso akisikiliza tofauti ya kabla na baada ya kamba, akaketi kwenye kiti chake bila kusema neno, tayari kupiga.

Rekodini dramu, besi na gitaa moja kwa pamoja, mkitazamana, huku mwimbaji akiimba sauti ya kuongoza tu ambayo itafutwa baadaye. Ningependa metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, iwe masikioni mwa mpiga dramu peke yake. Pigeni mara tatu au nne, msizidi sita, kwa kuwa kuanzia mara ya saba mikono inakumbuka makosa. Chagueni ile ambayo kiitikio cha mwisho kinanyanyuka kuliko cha kwanza, hata kama ina kosa dogo la besi, maana kosa dogo hurekebishika na mnyanyuko haurekebishiki.

Magitaa yafuate. Kila sehemu ya rithimu irekodiwe mara mbili na mpigaji yuleyule, moja isikike kushoto na nyingine kulia. Kunakili faili moja na kuipeleka pande zote hakuleti kitu, kwa sababu upana unatokana na tofauti ndogondogo za mkono. Punguza mkwaruzo wa amplifaya chini ya ule unaoupenda ukipiga peke yako, kwani magitaa manne yenye mkwaruzo mwingi huwa ukungu na akodi hazisikiki. Tuni gitaa kabla ya kila jaribio, hasa lile lenye kapo, kwa sababu kapo huzivuta nyuzi kidogo na kuzipandisha.

Sauti ya mwimbaji irekodiwe siku nyingine, asubuhi ikiwa imeshakwenda na koo limeamka. Kisha ziongezwe sauti za kusindikiza. Katika kiitikio, sauti ya pili ikae juu ya melodi kwa umbali wa tatu za solfa, mi juu ya do, so juu ya mi, na pale inapogongana na akodi ishuke au ipande noti moja. Rekodi kila sauti ya kusindikiza mara mbili, na ikiwezekana iimbwe na wanabendi wenyewe hata kama sauti zao si za kwaya, kwa kuwa kundi la marafiki wanaoimba pamoja ndilo linalomfanya msikilizaji atake kuimba nao.

Mwisho kabisa yawekwe makofi na tari. Kwa makofi, tokeni ndani ya chumba cha studio kilichofunikwa masponji, mwende kwenye korido au ngazi zenye kuta tupu. Mara ya mwisho tulisimama wanne chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, kipaza sauti kikiwa hatua tano kutoka kwetu, na tulirudia mara kumi na mbili. Mara tatu za kwanza ziliharibika kwa saa ya mkononi iliyokuwa ikicheza kila mwenye nayo alipopiga, hadi tukamwomba aivue. Piga kwa viganja vilivyokunjwa kidogo, wawili kati yenu wapige vidole juu ya kiganja, na msijaribu kuwa sahihi mno. Makofi yaliyotawanyika kidogo husikika kama umati.

Kabla hamjaondoka, nakilini faili zote kwenye diski mbili za nje, na kila moja ilale nyumba tofauti. Studio moja niliyofanya nayo kazi ilipoteza njia zote za wimbo wetu baada ya kompyuta kuharibika, na tulibaki na miksi ya majaribio tuliyokuwa tumetumiana kwa simu. Tulirekodi upya, lakini sauti ya siku ile ya kwanza hatukuipata tena, na bado ninaisikia ninapoipiga ile nakala ya simu.

Hatua ya sita: miksi na masta

Anza miksi kwa sauti ya mwimbaji, dramu na besi. Hizo tatu zikisimama zenyewe, ingiza magitaa taratibu hadi utakapoanza kupoteza neno, kisha rudi nyuma kidogo. Mwangwi uwe mfupi. Katika ikwalaiza, ondoa sauti nzito za chini kwenye magitaa ili besi na dramu ya mguu zipate mahali pa kukaa. Kiitikio cha kwanza kiongezewe gitaa moja ambalo halikuwamo kwenye ubeti, cha pili kiongezewe tari, cha mwisho makofi na sauti zote, ili wimbo ukue bila mtu yeyote kupandisha sauti.

Sikiliza kwenye simu, kwenye spika ndogo ya jikoni, na ndani ya daladala au matatu ukipata dereva mwema. Pawa pop ililelewa na redio za magari zenye spika moja, na wimbo wako lazima uishi humo. Kwa masta, yaani nakala ya mwisho iliyo tayari kutolewa, mpe fundi faili la biti 24 ambalo kilele chake hakigongi dari, na usimwombe aubane hadi uwe ukuta. Spotify hushusha nyimbo zilizopita takriban LUFS 14 chini ya sifuri (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo), kwa hiyo wimbo uliobanwa sana utateremshwa na kubaki bila pumzi. Mkitaka kutoa santuri ya inchi saba, mwambieni fundi mapema, ili sauti za chini ziwekwe katikati na herufi "s" zilainishwe, kwa kuwa mifereji ya ndani ya santuri huzikwaruza. Santuri itahitaji pia wimbo wa upande wa pili, na hapo ndipo mahali pa ule wimbo ambao mtunzi aliona ni bora zaidi.

Hatua ya saba: kuutoa

Big Star walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1972 kupitia Ardent, ikisambazwa na Stax. Waandishi wa muziki waliisifia sana, lakini usambazaji ulikwama kiasi kwamba aliyeisoma sifa hiyo na kwenda dukani mara nyingi hakuikuta. Wimbo mzuri usiopatikana siku unaposifiwa ni hasara ambayo haifidiki, na hatari hiyo ipo hata leo ambapo duka limo ndani ya simu.

Kwa hiyo tarehe ya kutolewa ipangwe baada ya masta kukamilika, si kabla, na wimbo upelekwe kwa msambazaji wa kidijiti wiki nne kabla. Hakikisheni una namba ya ISRC, inayoitambulisha rekodi yenu, yenye herufi na tarakimu 12, na kwamba majina ya watunzi yameandikwa sawasawa na yale ya kwenye karatasi yenu ya hatua ya nne. Spotify hutaka wimbo upendekezwe kwa wahariri wake angalau siku saba kabla ya kutoka, na ni busara kuwapa muda mrefu zaidi. Kava iwe ya mraba, pikseli 3000 kwa 3000, na jina la bendi lisomeke hata picha ikiwa ndogo kama kucha.

Redio inahitaji subira na adabu. Chagueni watangazaji watano ambao kweli hupiga muziki wa magitaa, msikilize vipindi vyao kwa wiki mbili, kisha mmwandikie kila mmoja ujumbe wake mwenyewe, wenye sentensi tatu: ninyi ni nani, wimbo una urefu gani, na utatoka lini. Hooley alizipelekea kampuni za London santuri ya The Undertones zikaikataa, kisha mtu mmoja kwenye redio akabadilisha kila kitu. Kwa hiyo msihesabu waliokataa. Hesabuni ambao bado hamjawafikia.

Wiki ya kutolewa fanyeni onyesho moja, mahali padogo panapoweza kujaa, na muupige wimbo katikati ya onyesho na tena mwishoni. Na siku hiyohiyo muwe mmeshaanza kupanga singo ya pili, kutoka kwenye zile nyimbo tisa mlizoziacha na yale mawazo ya daftarini, kwa sababu mtangazaji aliyewapenda atauliza mnacho nini kingine. The Undertones walikuwa nacho: "Get Over You", singo yao ya pili, ilitoka mapema mwaka 1979.